SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA TURBO KUBWA ZAIDI KWA GARI LA BARABARANI



Katika masomo yetu ya ufundi tumekwisha zungumzia pampu, beringi na mikanda ya mitambo. Safari hii tunaingia katika jambo linaloulizwa sana na vijana wa gereji na madereva wa makampuni: mtu ana gari lenye turbo, anataka kulifungia turbo kubwa zaidi ili lipate nguvu. Achague ipi?

Jambo hili si la mchezo. Mfanyakazi wa kiwandani au shambani anayemiliki gari amelipata kwa akiba ya miaka, na pengine kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo ambao bado anakatwa kwenye mshahara. Turbo isiyofaa huua injini kwa siku moja, na mkopo huendelea kukatwa wakati gari limeegeshwa juu ya mawe. Kwa hiyo hapana budi tujifunze kwanza, kisha ndipo tufungue mkoba.

1. Turbo ni nini?

Mfua chuma wa zamani alijua kwamba moto hautaki makaa peke yake, unataka na hewa. Ndiyo maana alikuwa na mivukuto. Injini nayo ni vivyo hivyo. Kuongeza petroli bila kuongeza hewa huleta moshi mweusi tu. Turbo ndiyo mivukuto ya injini.

Ina pangaboi mbili ndogo kwenye shafti moja. Ya kwanza, turbini, inasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Ya pili, kompresa, inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Ndugu zetu wa viwanda vya sukari huko Kakira na Lugazi wanaijua turbini ya mvuke. Hii ni ndugu yake mdogo, ila inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoisukuma katika injini ya petroli huweza kufikia joto la digrii 900 na zaidi.

Aliyeibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, ambaye alipata hataza yake mwaka 1905. Ilianza kutumika kwenye injini kubwa za dizeli. Magari madogo ya kwanza ya turbo yaliyouzwa kwa watu wa kawaida yalitoka Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Hapa Afrika Mashariki wengi waliiona kazi ya turbo katika mbio za Safari Rally, pale Toyota Celica ya turbo iliposhinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

2. Tuchukue mfano mmoja

Ili somo lisiwe la hewani, tuchukue injini inayojulikana sana Uganda na Kenya: EJ20 ya Subaru, ya lita 2, iliyomo katika Impreza WRX na Forester za turbo. Magari mengi ya aina hii yana turbo ndogo aina ya TD04. Sokoni mwenye gari huonyeshwa turbo za IHI za namba za VF, au TD05 yenye kompresa ya 16G, au nyingine kubwa zaidi. Muuzaji husema, "Kubwa ndiyo nguvu." Sisi tunasema: tupige hesabu.

3. Hesabu ya hewa

Injini ya mipigo minne hujaza hewa mara moja kila inapozunguka mara mbili. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hujaza mara 3,000. Zidisha kwa lita 2, unapata lita 6,000 za hewa kwa dakika. Lakini mitungi haijai kabisa, tuseme inajaa sehemu tisa kwa kumi. Basi ni lita 5,400.

Kando ya bahari lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi. Kwa hiyo injini hii bila turbo inakula kilo 6.5 za hewa kwa dakika. Mafundi wana kanuni ya makadirio: kila kilo moja ya hewa kwa dakika huleta nguvu za farasi 20 hivi katika injini ya petroli. Injini yetu ingetoa nguvu za farasi 130.

Sasa tuifungie turbo. Kizio chetu ni bari. Bari 1 ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa ya kawaida kando ya bahari, yaani PSI 14.5 kwenye geji ya matairi. Turbo ikiongeza bari 1 juu ya ile bari 1 ya kawaida, tunapata bari 2. Hewa ingekuwa maradufu, kilo 13, lakini kwa kuwa huingia ikiwa na joto, tunapata kama kilo 12. Zidisha kwa 20: nguvu za farasi 240.

Hapa ndipo uchaguzi unapoanza. Usiulize turbo ina ukubwa gani. Uliza: "Nataka nguvu za farasi ngapi, na hizo zinataka kilo ngapi za hewa?" Anayetaka 300 anahitaji kilo 15 kwa dakika. Anayeridhika na 240 anahitaji kilo 12. Ukishapata namba hiyo, una kitu cha kumwuliza muuzaji.

4. Sisi tunaishi juu

Vitabu vingi vya turbo vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina mkandamizo wa bari 0.88 tu. Kwenye nyanda za chai zenye mita 2,000, mkandamizo ni karibu bari 0.8.

Geji ya turbo hupima nyongeza peke yake. Geji ikisoma bari 1 Mombasa, injini inapata bari 2. Geji hiyo hiyo ikisoma bari 1 Kampala, injini inapata bari 1.88. Kule kwenye chai inapata 1.8. Dereva anaona gari limepungua nguvu, anamwambia fundi apandishe.

Tazama sasa kazi anayoipa turbo. Ili injini ipate bari 2, kompresa ya Mombasa inaizidisha hewa mara 2. Ya Kampala inaizidisha mara 2.27, yaani 2 gawanya kwa 0.88. Ya mita 2,000 inaizidisha mara 2.5. Nguvu ni ile ile, lakini turbo ya mlimani inazunguka kwa kasi zaidi. Turbo ndogo iliyotosha pwani huenda ikapita mwisho wake huku juu, beringi zikafa na pangaboi ikapasuka.

5. Ndogo au kubwa?

Turbo ndogo ni nyepesi. Inaamka mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 au 3,000, na gari linavuta vizuri mjini na kwenye vilima. Ubaya wake ni kwamba mizunguko ikipanda sana inakabwa: moshi haupati njia ya kutoka na hewa haiingii ya kutosha.

Turbo kubwa hupitisha hewa nyingi juu, lakini inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, gari linasinzia, halafu ghafula linaruka. Kwenye barabara ya vumbi ya shamba la miwa, nguvu inayokuja kwa kishindo katikati ya kona ni hatari. Tena anayeendesha kazini na kurudi nyumbani, injini yake hukaa kati ya mizunguko 2,000 na 4,000 karibu wakati wote. Amenunua nguvu ya mahali asipofika.

Watengenezaji wa turbo hutoa mchoro wa kila kompresa. Upande mmoja umeandikwa kiasi cha hewa, upande mwingine hewa imezidishwa mara ngapi. Ndani yake kuna duara kama visiwa. Kisiwa cha katikati ndipo kompresa inapofanya kazi vizuri. Mstari wa kushoto ni mpaka wa hewa kurudi nyuma na kupiga turbo kwa vishindo. Mpaka wa kulia ni kukabwa. Chukua namba zako, kwa mfano kilo 12 na mara 2.27, uweke alama. Ikiangukia kisiwani, turbo inafaa. Ikiangukia ukingoni, iache, hata kama ni rahisi.

6. Joto

Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono. Hewa ya digrii 25 ikizidishwa mara 2 na kompresa nzuri, hutoka na digrii kama 120. Ikizidishwa mara 2.5 hutoka na digrii 150. Kompresa hiyo ikifanya kazi nje ya kisiwa chake, hupita digrii 170. Hewa ya moto ni nyepesi, tena huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Hapo injini hugonga, na pistoni hutoboka.

Ndiyo maana kipoza hewa cha turbo ni lazima kiwe kizima na kisafi, tena chenye ukubwa unaotosha. Turbo inayofaa pamoja na kipoza hewa kizuri hushinda turbo kubwa inayopuliza moto.

7. Turbo haiendi peke yake

Kuongeza hewa bila kuongeza petroli ni kuua injini. Kwa hiyo pampu ya petroli na injekta zipimwe, na kompyuta ya gari irekebishwe na fundi mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Marekebisho yafanywe kwa petroli ile utakayonunua kila siku. Gari la turbo kutoka Japani lilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo pampu nyingi za huku hazina.

Baada ya hapo fuata klachi, giaboksi, matairi na breki. Breki ziwe za mwanzo katika bajeti, maana gari hubeba watu. Mwarifu pia mtu wa bima. Gari likibadilishwa kimya kimya, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

8. Kukagua turbo ya mtumba

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Fanya hivi kabla ya kutoa hata senti:

(a) Shika shafti. Ikicheza kidogo sana kushoto na kulia si neno kwa turbo yenye beringi za kawaida. Ikienda mbele na nyuma kwa namna unayoihisi mkononi, ikatae.

(b) Zungusha kwa kidole. Mapanga yasiguse ukuta. Tazama ncha zake: zikiwa zimelika au kupinda, turbo imemeza mchanga au chuma.

(c) Angalia nyumba ya turbini kama ina nyufa, na matundu ya oili kama yana masizi magumu. Masizi ni dalili ya oili iliyoungua.

(d) Linganisha namba za kibao na zile za mtengenezaji. Turbo za kuigiza ni nyingi, na kibao kinachong'aa si ushahidi.

Uliza pia swali kubwa kuliko yote: turbo ya kwanza ilikufa kwa nini? Mara nyingi huuawa na oili chafu au njia ya oili iliyoziba. Katika baadhi ya injini za Subaru kuna kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili. Kikiziba, turbo mpya itafuata ya zamani. Badili oili na filta, safisha mabomba, na usipake silikoni kwenye njia ya oili. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka oili ifike juu. Na baada ya safari ndefu, iache injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili isiungulie ndani ya turbo.

9. Tufanye nini basi?

Kwa mtu wa kawaida tunashauri hatua hizi. Kwanza, pima kompresheni ya injini na uzibe mahali hewa inapovuja. Magari mengi yanayolalamikiwa kuwa hayana nguvu yana mpira uliopasuka tu. Pili, andika nguvu unayoitaka na kimo cha mahali unapoishi, upige hesabu. Tatu, gawa fedha kabla ya kununua: ikiwa turbo peke yake inamaliza akiba yote, basi huna bado fedha za turbo. Nne, kati ya turbo mbili zinazofaa, chagua iliyo ndogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Injini ya lita 2.5 inazunguka mara 5,000 kwa dakika na mitungi yake inajaa sehemu tisa kwa kumi. Inakula lita ngapi za hewa bila turbo?

2. Mahali mnapofanya kazi pana mkandamizo wa bari 0.85. Kompresa itaizidisha hewa mara ngapi ili injini ipate bari 2?

3. Katika kiwanda au shamba lenu kuna mtambo gani mwingine unaotumia turbo? Nani anautunza, na oili yake hubadilishwa lini?

Wenye kujua hesabu wawasaidie wenzao. Ujuzi wa kikundi hauibiwi, na mwenye ujuzi hadanganywi sokoni.