Matokeo ya Udiwani: Yasome Kituoni, Yafuate hadi Nyashimo

Kwa mkazi wa kata ya Mkula, wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kati ya kura za uchaguzi mkuu ya diwani ndiyo iliyo karibu naye kuliko zote, na ndiyo ambayo matokeo yake hufuatiliwa kidogo kuliko zote. Matokeo ya Rais husomwa redioni siku kadhaa. Ya Mbunge huzungumzwa kuanzia Lamadi hadi Bariadi. Ya diwani watu huyasikia kijuujuu tu, kwamba fulani kapita, basi. Kumbe huyo fulani ndiye atakayekaa miaka mitano kwenye baraza linaloamua darasa lipi liezekwe, zahanati ipi imaliziwe na mapato ya ushuru wa pamba yaende wapi. Makala hii inaeleza matokeo hayo yanavyopatikana, namna ya kuyasoma, pa kwenda ukiwa na shaka nayo, na kazi inayoanza baada ya kutangazwa.

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Kuna chaguzi mbili tofauti, na zote watu huziita uchaguzi wa serikali za mitaa. Wa kwanza ni wa wenyeviti wa vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Huo husimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, na wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Ili kuupigia kura unajiandikisha kwenye orodha ya wakazi pale kitongojini, zoezi ambalo mwaka ule lilifanyika Oktoba 11 hadi 20. Wa pili ni wa diwani wa kata, unaofanyika siku moja na uchaguzi wa Rais na Wabunge chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na wa mwisho ulikuwa Oktoba 29, 2025. Huo unahitaji uwe kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura na uwe na kadi yako. Mtu aliyejiandikisha kitongojini tu anaweza kufika kituoni siku ya udiwani akarudishwa, na hakuna atakayekuwa amemwonea. Tofauti hii inabeba mengine yote: ofisi ya kulalamikia si moja, mahakama si moja, na msimamizi si mmoja.

Usiku wa kuhesabu

Sheria zetu zina jambo moja zuri ambalo wananchi hatulitumii ipasavyo: kura huhesabiwa palepale zilipopigwa. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo hupiga kura yake. Baada ya hapo msimamizi wa kituo hufungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama, huinua karatasi moja moja ili kila wakala aone alama, kisha karatasi hupangwa mafungu kwa majina ya wagombea. Zile zisizo na alama, au zenye alama mbili, huwekwa kando kama kura zilizokataliwa. Penye ubishi kuhusu karatasi fulani, ubishi huo huandikwa.

Za Rais huhesabiwa kwanza, kisha za Mbunge, za diwani mwisho. Tafakari maana yake kwa kituo cha kijijini. Zinapofikiwa kura za udiwani giza limeshaingia, taa ni ya betri, mawakala wamekaa tangu alfajiri na wengine hawajala. Hapo ndipo wakala mwenye njaa anaposaini asichokisoma. Kama chama chako au mgombea wako anakuomba uwe wakala, au anakuomba mchango, mweleze kwamba chakula cha jioni cha wakala na wakala wa akiba vina uzito kuliko fulana mia za kampeni.

Hesabu ikimalizika hujazwa fomu ya matokeo. Msimamizi anasaini, mawakala wanasaini, kila wakala aliyepo anapewa nakala, na nakala moja hubandikwa kituoni watu waisome. Fomu za vituo vyote vya kata hupelekwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata, naye hujumlisha na kutangaza mshindi wa udiwani. Mshindi ni aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazifiki nusu.

Mkulima wa Simiyu hahitaji kufundishwa umuhimu wa karatasi hiyo. Anayepeleka pamba kwenye chama cha ushirika, AMCOS, hasimami mbali na mzani, na haondoki bila stakabadhi yenye kilo zake. Fomu ya kituo ndiyo stakabadhi ya kura.

Lakini kusimamia mzani ni kazi ya wakala. Mwaka 2015, siku chache kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu iliamua kuwa wapiga kura hawaruhusiwi kukusanyika ndani ya mita 200 kutoka kituoni baada ya kupiga kura. Kwa hiyo kubaki hapo kwa nia ya kulinda kura kunaweza kukuingiza matatani bila faida. Nenda nyumbani. Kesho yake asubuhi rudi na kalamu na daftari, usome kilichobandikwa, unakili. Usimtangaze mshindi kwenye kundi la WhatsApp, maana kutangaza ni kazi ya msimamizi; wewe weka namba za kituo chako na uzilinganishe na zitakazosomwa katani.

Kalamu na daftari nimezitaja kwa makusudi. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi kwa siku kadhaa. Zilikuwa siku nzito sana, kulitokea vurugu, watu walipoteza maisha, na familia nyingi bado zinaomboleza. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais mwezi uliofuata iliwekwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Katika hali kama ile, aliyetegemea simu pekee hakuwa na kitu mkononi. Aliyeandika namba za kituo chake alikuwa nazo.

Namba zinasema nini

Tuseme fomu ya kituo inaonyesha waliojiandikisha 450, waliopiga kura 212, kura zilizokataliwa 8, kura halali 204. Wagombea watatu wamepata 131, 52 na 21. Jumlisha mwenyewe: 131 na 52 na 21 ni 204, ongeza 8 upate 212. Ikikubali, hesabu imekaa sawa. Ikikataa, mwambie wakala mara moja, kabla fomu haijajumlishwa na nyingine. Kisha tazama 212 kwa 450. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufika. Gazeti litaandika kwamba mshindi kapata asilimia 64, na ni kweli, ya kura halali. Ila kati ya waliojiandikisha wote waliomchagua ni pungufu ya theluthi moja. Namba zote mbili ni sahihi, na diwani mwenye busara huziweka zote mbili kichwani.

Kura zilizokataliwa nazo zina habari. Zikiwa nyingi katika kituo kimoja na chache katika vingine, huenda watu hawakuelimishwa namna ya kuweka alama, na hilo ni jambo la kudai lirekebishwe kabla ya uchaguzi mwingine.

Msomaji wa matokeo anapaswa pia kujua nani hakuwepo kwenye karatasi. Mwaka 2024 CCM ilishinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mwaka 2025 Chadema haikushiriki, na Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa kule Meatu katika mkoa wetu huu, alienguliwa kugombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Ushindi mkubwa dhidi ya wapinzani wachache ni ushindi kisheria, lakini haukuelezi sana wananchi wanataka nini. Mimi naamini sehemu yenye mgombea mmoja inahitaji kufuatilia zaidi baada ya uchaguzi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumhoji kabla. Angalau sheria ya mwaka 2024 imeondoa ule mtindo wa kupita bila kupingwa: anayebaki peke yake naye hupigiwa kura, na idadi ya waliomkataa huonekana.

Wenye ndugu Uingereza watashangaa kidogo wakilinganisha. Katika miji ya England masanduku hukusanywa kutoka vituoni na kura za udiwani huhesabiwa katika ukumbi mmoja. Tangazo la kila kata hutaja kura za kila mgombea, na karatasi zilizokataliwa huorodheshwa kwa sababu zake. Kesi ya kupinga hufunguliwa ndani ya siku 21. Na Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi kule kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawalijui hili. Tangu Mei 2023 ni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa. Magid Magid, aliyezaliwa Somalia na kufika Sheffield akiwa mtoto, alichaguliwa diwani wa mji huo mwaka 2016, na mwaka 2018 madiwani wenzake wakamweka kuwa Meya. Mwambie ndugu yako aliye Leicester au London asikae pembeni.

Ukiwa na shaka

Malalamiko ya siku ileile huandikwa kituoni kupitia wakala, kwenye fomu. Lalamiko lililosemwa kwa mdomo tu halifiki mbali. Matokeo yakishatangazwa, njia iliyobaki ni mahakama. Kesi ya ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu, ya udiwani Mahakama ya Hakimu Mkazi, ya mwenyekiti wa kijiji au kitongoji Mahakama ya Wilaya. Muda ni siku 30 tangu kutangazwa. Wiki ya kwanza tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria, ukiwa na nakala za fomu za vituo, majina ya walioshuhudia, na maelezo ya kilichotokea na wapi.

Kuwa na hasira hakutoshi kufungua kesi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilimvua ubunge Godbless Lema wa Arusha Mjini kwa kesi iliyofunguliwa na wapiga kura. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudisha, ikisema waliofungua kesi hawakuonyesha haki yao ipi iliyovunjwa. Kwa hiyo jiulize mapema wewe umeumizwaje: jina lako lilirukwa, ulizuiwa kupiga kura, au kura za kituo chako hazikujumlishwa?

Baada ya kiapo

Tangu mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa na Busega ikamegwa kutoka Magu, mtu wa Mkula hana tena haja ya kufuata mambo ya halmashauri Magu, wala hana sababu ya kukimbilia Bariadi kwa kila jambo. Bariadi kuna ofisi za mkoa. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Busega yako Nyashimo, na ndiko diwani wako anakoapa, ndiko madiwani wanakomchagua mwenyekiti wao. Anayeitwa Mkurugenzi hachaguliwi na mtu wa Busega. Huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza. Kwenye baraza hilo utawakuta pia madiwani wa viti maalumu na mbunge wa jimbo.

Baraza hukutana kila robo mwaka na kikao chake ni cha wazi. Uliza tarehe kwa mtendaji wa kata, kisha nenda ukakae nyuma usikilize kama diwani wako anafungua mdomo. Huko ndiko inakopita bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, pamoja na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kama kikundi chenu kiliomba hakikujibiwa, hilo ni swali la diwani.

Hapa katani, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, mtendaji wa kata ni katibu. Chini ya kata kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, kadi ya chama haiulizwi. Unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo kijiji husomewa mapato na matumizi. Usipoitishwa, andikeni barua kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Wasipojibu, barua ya pili iende kwa Mkurugenzi Nyashimo, ikiwa na majina na saini za walioiandika, na anayeipeleka ahakikishe nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa kabla hajatoka ofisini.