Printa ya USB Imegoma kwenye Linux? Pita Vituo Hivi 5 Kabla Hujatafuta Fundi

Somo la leo ni la nyie wa Sumbawanga, Laela, Namanyere na kokote Ufipa mnakouza kwa simu na kutuma mzigo kwa basi. Hasa wewe ambaye laptopu yako ya mtumba inatumia Ubuntu au Linux Mint.

Hali unaijua. Mteja wa Mbeya ameshalipia gunia la maharage. Wa Dar anasubiri migebuka mikavu ya Kirando. Basi linaondoka alfajiri, lebo zinatakiwa zibandikwe jioni hii. Unabonyeza Print... kimya. Taa ya printa inawaka, karatasi ipo, hakuna kinachotoka.

Wengi hapo wanasema printa imekufa, wanaanza kuulizia bei ya nyingine. Subiri kwanza. Watu husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na kwenye printa pia hakuna uchawi. Kati ya kompyuta na karatasi kuna vituo vitano, na kazi yako imekwama kwenye kimoja. Tuvipite kwa mpangilio. Fungua Teminali (Ctrl+Alt+T) twende.

KITUO CHA 1: WAYA
Andika:
lsusb
Hii inaorodhesha kila kilichochomekwa kwenye USB. Tafuta jina la printa yako: Epson, HP, Canon. Printa ndogo za lebo wakati mwingine huonekana kwa jina la kiwanda cha chipu yake, kwa hiyo usishtuke. Chomoa waya, rudia amri, uone mstari gani umepotea. Huo ndio wa printa.

Kama haionekani kabisa, usihangaike na programu. Badilisha tundu la USB, badilisha waya, na kama unapitia kigawanyio cha USB chomeka moja kwa moja. Vumbi letu la kiangazi linaingia kwenye matundu, lipulize. Kisha chomeka tena na uandike:
sudo dmesg | tail -20
Ukiona maneno kama "device descriptor read" na "error -71", mara nyingi tatizo ni waya, tundu au umeme wa USB usiotosha.

KITUO CHA 2: HUDUMA YA KUPRINTI
Linux inaprinti kupitia programu iitwayo CUPS. Uliza kama iko kazini:
lpstat -r
Jibu zuri ni "scheduler is running". Ukipata tofauti, iamshe:
sudo systemctl restart cups

KITUO CHA 3: FOLENI (hapa ndipo wengi wanakwama)
Andika:
lpstat -t
Soma taratibu. Ukiona jina la printa yako na neno "disabled", umempata mchawi. Printa ni nzima, ila CUPS imeisimamisha.

Kwa nini? Umeme ukikatika katikati ya karatasi, au waya ukichomoka, kazi inafeli. CUPS inaweza kuwa imepangwa kwamba kazi ikifeli namna hiyo, foleni inasimamishwa mpaka mtu aifungue. Umeme unarudi, taa inawaka, lakini mlango umefungwa. Ukibonyeza Print mara kumi, unaongeza lebo kumi kwenye foleni.

SASA KUWA MAKINI. Ukifungua foleni kabla ya kuisafisha, zile lebo kumi zitatoka zote, pamoja na za jana. Ukizibandika kwa haraka, maharage ya Mbeya yanaenda Mpanda, na nauli ya kuyarudisha ni yako. Kwa hiyo andika kwenye daftari oda zote ambazo lebo hazijatoka, halafu (weka jina la printa yako badala ya LEBO):
cancel -a LEBO
sudo cupsenable LEBO
sudo cupsaccept LEBO
Ya kwanza inafuta kazi zilizokwama. Ya pili inaifungua printa. Ya tatu inaruhusu foleni kupokea kazi mpya. Printi lebo MOJA kwanza, uisome, ndipo uendelee na nyingine.

Na ili isikufungie tena kila umeme ukikatika:
sudo lpadmin -p LEBO -o printer-error-policy=retry-job
Hapo CUPS itajaribu tena baadaye badala ya kusimamisha foleni nzima.

KITUO CHA 4: ANWANI
Foleni iko wazi lakini kazi inasubiri tu, na unaona "Waiting for printer to become available"? CUPS inatafuta printa kwenye anwani ambayo haipo. Linganisha hizi mbili:
lpstat -v
sudo lpinfo -v
Ya kwanza ni anwani iliyohifadhiwa, ya pili ni zinazoonekana sasa hivi. Anwani ya USB hubeba namba ya printa yenyewe. Ndiyo maana ukiazima printa ya jirani, hata kama ni modeli ileile, foleni yako inaweza kuikataa. Dawa ni kufuta printa kwenye mipangilio na kuiongeza upya.

Kwa printa mpya mpya, mifumo ya sasa inatumia huduma iitwayo ipp-usb. Ikishaishika printa, foleni ya zamani ya usb:// haiipati tena. Tumia foleni mpya iliyojitokeza yenyewe, ya zamani ifute.

KITUO CHA 5: DRAIVA
Wenye HP, someni hapa. Baadhi ya LaserJet, kama P1102, zinahitaji nyongeza ya HP juu ya draiva ya HPLIP, na toleo la nyongeza lazima lifanane na la HPLIP. Ukisasisha mfumo, HPLIP inapanda, nyongeza inabaki nyuma, printa inagoma. Ukiwa na bando andika:
hp-plugin
ufuate maelekezo.

LaserJet 1018 na 1020 zina tabia yake: hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zikizimwa, kompyuta lazima iwatumie upya. Umeme ukikatika na kurudi, zinawaka taa lakini haziprinti. Washa printa, kisha chomoa na uchomeke USB wakati kompyuta imewaka.

BADO IMEGOMA?
Soma kumbukumbu za CUPS:
sudo tail -n 40 /var/log/cups/error_log
Piga picha mistari hiyo na majibu ya lpstat -t. Ukienda navyo kwa fundi, unampunguzia kazi ya kubahatisha, na huyo atakayetaka kufomati kompyuta nzima kwa tatizo la foleni utamjua mapema.

Basi halikungoji. Muda ukibana, hifadhi lebo kama PDF, itume kwa WhatsApp kwenye steshenari ya karibu wakuprintie. Hata peni ya maka kwenye kiroba inafika, mradi jina la mteja, simu na mji visomeke.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako wa sokoni. Kama umekwama, weka kwenye komenti modeli ya printa yako na kituo ulichofikia, tusaidiane. Biashara njema!