Wape kazi, wataongea wenyewe

Mdogo wangu, unasema darasa lako la jioni la watu wazima limepoa. Mama lishe wamejibanza nyuma, vijana wa bodaboda wako mlangoni na simu zao, mstaafu kakaa mbele peke yake, na ukiuliza swali wote wanakukodolea macho wewe.

Kwanza, acha huo mtindo wa kumsimamisha kila mtu ajitambulishe na kusema aliishia darasa la ngapi. Mama wa miaka 50 unamvua nguo mbele ya kijana anayemwamkia shikamoo. Afungue mdomo tena kwa lipi?

Wape kazi asiyoiweza mtu mmoja. Chukua hesabu ya kugawanya. Mama lishe anajua kilo ya mchele inatoa sahani ngapi na mkaa wa shilingi ngapi unaivisha. Kijana wa bodaboda hajui hayo, ila kugawanya kwenye karatasi anakuweza. Waweke meza moja, watafute faida ya sahani moja ya wali maharage. Wakianza kubishana bei ya mafuta ya kula, ujue darasa limeanza. Nyamaza. Najua ni kazi, walimu tunapenda kusikia sauti zetu.

Tena kujifunza kwa vikundi si jambo geni hapa Tanzania. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, kipindi kikiisha wakajadili wenyewe malaria na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Ila chunga heshima, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Kijana asimsahihishe mzee darasa zima likisikia. Makosa yaishie kwenye kikundi, ubaoni lije jibu la wote. Mama asiyetaka kubanana na wanaume mkalishe na mama mwenzake, kikundi kibaki kilekile. Na mtu akichekwa kwa lafudhi ya kwao, kemea papo hapo, wala usitabasamu. Akichekwa mara mbili, humwoni tena.

Simu za mlangoni wala zisikusumbue. Wakipata kazi watazigeuza kikokotoo.

Badilisha vikundi mara kwa mara wasije wakaota mizizi, na yule mstaafu mpe chaki, aandike majibu ya wenzake. Ukishajaribu niandikie, nataka kujua kikundi gani kimebishana zaidi.