Mjomba, niache kazi nicheze poka?



Jumamosi moja baada ya swala ya Isha alinifuata barazani mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Baada ya salamu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nataka kuacha kazi."

Kazi yenyewe ni ya duka la fotokopi na uchapaji lililo jirani na chuo. Akitoka darasani anaingia pale kwa muda wa saa nne, siku sita kwa wiki, na kwa mwezi analipwa shilingi 150,000. Nikadhani amegombana na mwenye duka. Kumbe sivyo. Alitoa simu mfukoni akanionyesha meza ya kijani yenye karata. Ni mchezo wa poka, unaochezwa kwa fedha na watu wasiojuana, kila mmoja na simu yake. "Kwa wiki tatu nimetoa laki nne na ishirini," akasema. "Dukani nachoka mwezi mzima kwa laki na nusu. Na mjomba, hii siyo bahati nasibu. Ni akili."

Ndugu msomaji, sikumfokea. Kijana anayekuja kuuliza kabla ya kutenda anastahiki jibu, na ukimfokea leo, kesho hatakuja tena. Isitoshe, mimi mwenyewe nikiwa na umri wake niliwahi kusimama kwenye karata tatu pale stendi, nikiwa na uhakika kwamba jicho langu ni kali kuliko mkono wa yule bwana. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo nilimwambia: "Lete daftari. Tuanze na hesabu, halafu twende kwenye dini."

Tukafungua meseji zake zote za kuweka na kutoa fedha. Ni kweli alitoa 420,000. Lakini tulipojumlisha alizoweka, zilifika 365,000. Faida yake kwa hiyo ilikuwa 55,000. Nikamuuliza alicheza usiku mara ngapi. Usiku 18, kila usiku kiasi cha saa nne. Hizo ni saa 72. Gawa 55,000 kwa 72, haifiki shilingi 800 kwa saa. Dukani anafanya saa kama 104 kwa mwezi, na kila saa inampa zaidi kidogo ya shilingi 1,400. Kazi anayoidharau inamlipa karibu mara mbili ya mchezo anaoukimbilia, na hizo ni wiki tatu ambazo mwenyewe anaziita za neema.

Akanyamaza. Nikamuuliza, hizo 365,000 zilitoka wapi? Nyingine zilikuwa za mshahara, nyingine za boom. Na laki moja ilikuwa mchango wa ada aliotumiwa na mama yake, dada yangu, ambaye huamka kabla ya Alfajiri kukaanga vitumbua. Hapo aliinamisha kichwa, nami sikuongeza neno.

Tukaendelea. Wengi hawajiulizi fedha za mezani zinatoka wapi. Meza ya poka haizalishi kitu. Hailimi na haishoni. Anachopata mmoja ndicho alichopoteza mwingine, na mwenye meza hukata chake katika fedha zinazoshindaniwa. Chukua mfano: watu sita wamekaa, kila mmoja ana 20,000, jumla 120,000. Kila mkono unaochezwa una shilingi 4,000 katikati, na mwenye meza anachukua tano katika kila mia, yaani 200. Ikichezwa mikono 25 kwa saa, anachukua 5,000. Wakiendelea hivyo bila mtu kuongeza fedha, baada ya saa 24 zile 120,000 zote zimehamia kwa mwenye meza, na wale sita, wenye akili na wasio na akili, wote wako mikono mitupu. Ili mmoja aendelee kushinda, lazima waje wapya wa kupoteza.

Kijana akanitajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee, Marekani, ambaye mwaka 2003 aliingia kwenye mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas kwa kupitia tiketi ya intaneti ya dola zisizofika 100, akashinda dola milioni 2.5. Ni kweli. Lakini mwaka ule walioshindana walikuwa 839. Jina la mmoja limezunguka dunia nzima, ya wengine nani anayajua? Tena, tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia kampuni kubwa za poka ya intaneti. Mojawapo, Full Tilt Poker, ilielezwa na serikali hiyo kuwa ilikuwa inadaiwa na wachezaji dola milioni 390 hivi, wakati benki ilikuwa na milioni 60 tu. Hata walioshinda waligundua kwamba ushindi wao ulikuwa namba kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye dini, maana hesabu peke yake haitoshi. Lau angekuwa anapata milioni kila wiki, hukumu isingebadilika.

Hoja yake kubwa ni hii: kamari ni bahati, poka ni akili, basi poka si kamari. Vijana wetu wengi wanaoweka mikeka ya mpira wanasema hivyo hivyo. Jibu lipo katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (SAW) aliifungia zawadi ya mashindano katika mambo matatu: ngamia, farasi na mishale. Tafakari vizuri. Kulenga shabaha ni ustadi mtupu, wala hakuna bahati ya kutajwa. Kama ustadi ungetosha kuhalalisha fedha, kusingekuwa na haja ya kuweka mpaka. Na ndiyo maana wanazuoni, pamoja na kutofautiana kuhusu kucheza sataranji bila fedha, wamekubaliana kwamba ikichezwa kwa dau, kila mmoja ameweka chake na mshindi anabeba vyote, ni haramu. Na hakuna mchezo wa akili kama sataranji. Kinachoharamisha, basi, ni lile dau la kila mmoja kuingia akiwa ama atakula cha mwenzake au ataliwa chake.

Hoja yake ya pili ilinigusa zaidi: "Nikishinda nitamsaidia mama." Nikamwambia, hoja hiyo ni kongwe kuliko Uislamu wenyewe. Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa wakichinja ngamia, wakipigia kura mafungu kwa mishale, na washindi wakiwagawia maskini nyama na kujifakharisha kwa ukarimu wao. Allah (SW) hakukanusha kwamba mlikuwa na manufaa. Katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 219, ameyataja manufaa hayo kwa watu, kisha akabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake. Halafu katika Al-Maidah, aya ya 90 na 91, akaamrisha iepukwe, na akaeleza anachotaka shetani: kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali.

Nikamuuliza: "Siku ulizocheza mpaka saa nane usiku, Alfajiri uliiswali saa ngapi?" Hakujibu. Wala sikuhitaji jibu.

Kuhusu kazi, nilimkumbusha kwamba Mtume (SAW) ametufundisha, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (AS) alikula kwa jasho la mikono yake ilhali alikuwa mfalme. Pale dukani mpwa wangu amejifunza kutengeneza mashine, kupanga kurasa za ripoti, na kuzungumza na wateja. Simu haimfundishi hata kimoja katika hivyo. Kuhusu ile 55,000, nilimwambia si mali yake. Wenyewe hawajulikani, basi aitoe kwa wahitaji kwa nia ya kujivua, si kwa kutafuta thawabu.

Lakini ingekuwa dhuluma kumaliza bila kusema na sisi wakubwa. Kijana yule alikuwa na lalamiko la haki. Mshahara wake hucheleweshwa hadi tarehe 15, na kuna miezi amelipwa nusu. Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwislamu mwenye duka anayemzungusha mwanafunzi kwa laki na nusu, kisha Ijumaa akalalamika kwamba vijana wamezama kwenye kamari, ajitazame. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza na mwenye duka. Alinisikiliza, na tangu hapo analipa mwisho wa mwezi.

Nawausia vijana wanaonisoma wajiulize maswali matatu kabla ya kuacha kazi kwa ajili ya "dili" lolote. Kwanza, anayenilipa ananilipa kwa sababu nimempa nini? Pili, mimi nikipata, nani amepoteza? Tatu, naweza kumweleza mama yangu, waziwazi, fedha hizi nimezipataje? Penye majibu mazuri matatu, fuateni rai za wajuzi na muende. Likikwama moja, simameni.

Mpwa wangu hakuniahidi kitu usiku ule. Aliondoka na daftari. Baada ya wiki mbili alirudi, ameufuta mchezo kwenye simu, na ukurasa wa mwisho ameandika deni la laki moja, jina la mama yake juu yake. Mpaka naandika haya ameshalipa 40,000, kutoka katika mshahara wa fotokopi.

Tumuombe Allah (SW) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake. Amin.