Somo la Bolti: Matayarisho Kabla ya Rangi

Katika masomo ya ufundi, wanafunzi hupenda rangi kuliko kazi nyingine yoyote. Wakishaona kopo la rangi na brashi, msasa husahauliwa. Mwandishi wa makala haya alilishuhudia jambo hilo katika mwaka wake wa kwanza wa kufundisha. Bolti ishirini za gari kuukuu zilipakwa rangi nyeusi katika kipindi kimoja, zikang'aa, na darasa likapiga makofi. Mvua za masika zilipokwisha, rangi ilikuwa imebanduka na kutu ilikuwa ile ile. Wanafunzi hawakukosea, kwani walifanya kama walivyoelekezwa. Mwalimu ndiye aliyeruka hatua.

Uteuzi wa vifaa

Gari linalofaa kwa somo hili ni Land Rover ya zamani. Magari hayo yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa haba baada ya vita, na kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Mabati yake yalifungwa kwa bolti za chuma, na vichwa vya nyingi kati ya hizo huonekana nje. Anayelifufua gari kama hilo hawezi kuzificha.

Mwombe fundi wa karibu akupe bolti zilizofunguliwa kwenye bodi tu. Bolti za breki, usukani na magurudumu zisiguswe na darasa, maana maisha ya watu huzitegemea.

Hatua ya kwanza: kuchunguza

Kipe kila kikundi bolti moja, kisha uliza kabla ya kueleza: Kwa nini bolti imeshika kutu, ilhali bati lililoizunguka halina kutu nyekundu? Waache wabishane. Mwishowe wafikie jibu kwamba chuma hushika kutu kikipata hewa na maji, na kwamba alumini hujifunika utando mwembamba unaoikinga. Hata hivyo, alumini ikigusana na chuma mahali penye maji, hasa ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, nayo huacha unga mweupe.

Waonyeshe pia alama zilizo kichwani. Bolti ya vipimo vya milimita huweza kuandikwa 8.8 au 10.9, namba hizo hueleza nguvu zake, na 10.9 ina nguvu zaidi. Alama hizo zisifutwe kwa tupa.

Hatua ya pili: kusafisha

Grisi iondolewe kwa sabuni na maji ya moto kiasi. Petroli isiingie darasani kabisa. Bolti za kawaida zilowekwe katika siki tangu jioni hadi asubuhi, kisha zisuguliwe kwa brashi ya waya. Zile zenye namba 10.9 au zaidi zisilowekwe, kwa kuwa asidi huweza kuzifanya zikatike ghafla baadaye. Zikitoka katika siki zisuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo, halafu zikaushwe mara moja. Chuma kitupu kikiachwa na unyevu hushika kutu upya katika muda mfupi.

Angalia usalama. Anayesugua avae miwani ya kukinga macho. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Bolti yenye rangi ya namna hiyo usiwape wanafunzi.

Hatua ya tatu: kupaka

Toboa matundu katika boksi la karatasi ngumu na uchomeke bolti, vichwa vikibaki juu na meno yakijificha ndani. Meno yasipakwe rangi, kwani nati itakwama. Upande wa chini wa kichwa nao usipakwe rangi nene: rangi hiyo husagika, na bolti hulegea. Siku hiyo hiyo ya kusafisha ipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Baadaye zifuate koti mbili nyembamba za rangi ya mwisho. Fuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo. Kwa sababu hiyo, somo hili lipangiwe vipindi visivyopungua vitatu.

Spana ikikwangua rangi wakati wa kufunga, kichwa kiguswe tena kwa brashi ndogo.

Tathmini

Teua bolti moja yenye kutu na uipake rangi bila kuisafisha. Ifunge kwenye ubao pamoja na bolti moja iliyotayarishwa vema, kisha weka ubao huo nje ya darasa kipindi chote cha mvua. Kila wiki wanafunzi wazichunguze zote mbili na kuandika walichokiona. Siku rangi ya ile ya kwanza itakapoanza kuvimba, usieleze lolote. Mwite mwanafunzi mmoja awaeleze wenzake ni hatua ipi iliyorukwa. Akiweza kuitaja na kutoa sababu yake, somo limeeleweka.