SAUTI HUPIMAJE TOPE LA BAHARI?

Kipungani ni kijiji cha wavuvi na wasusi wa mikeka, kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wenye mikoko na tope laini. Upande wa pili pwani ndefu ya mchanga yaelekea Shela. Maji yakipwa, mguu wa mtu humwambia mara moja alipo: mchangani husimama, topeni huzama. Lakini penye maji marefu mguu haufiki. Kwa hiyo manahodha wa zamani walitia bildi, yaani kipande cha risasi chenye kamba, kilichopakwa shahamu chini ili kinase chembe za mchanga au tope. Hivyo nahodha alijua pima za maji, na pia kama nanga yake itashika au itaburura.

Siku hizi vyombo hupima kwa sauti. Sauti hushuka, hugonga chini, na mwangwi wake hurudi. Sehemu nyingine hupenya ndani ya tope na kurudi kutoka matabaka ya chini zaidi. Lakini yafaa ifahamike vema kwamba mwangwi hautoi kina. Hutoa muda tu. Ili muda ugeuzwe kuwa mita, sharti ujulikane mwendo wa sauti.

Mwendo huo si mmoja. Hewani sauti hwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mwaka 1826 Daniel Colladon na Charles Sturm waliupima katika ziwa la Geneva, Uswisi. Kengele iligongwa ndani ya maji, na papo hapo baruti ikawashwa. Katika mashua ya mbali, muda ulihesabiwa tangu mwako kuonekana hata kengele kusikika. Walipata mita 1,435. Katika maji ya bahari ni kama mita 1,500, na katika mchanga wa chini yaweza kufika 1,700 au zaidi.

Ajabu ni tope laini sana: mara nyingi sauti humo hwenda polepole kidogo kuliko majini. Sababu yake ni kwamba chembe za tope huongeza uzito, lakini hazikukazana. Chembe za mchanga hugusana, zikapokezana sauti kama watu waliosimama bega kwa bega wakipokezana ndoo.

Na tuseme sauti yashuka katika tabaka moja na kurudi kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo wa 1,500, unene wake ni mita 150. Kwa 1,700, ni mita 170. Kosa la mita 20 si dogo kwa mwenye kuchimba.

Kwa hiyo wapimaji hushindilia bomba chini ya bahari, wakatoa udongo kama mfanyabiashara atoavyo mchele guniani kwa bambo. Sauti hupitishwa kutoka upande mmoja wa udongo huo hata wa pili, na urefu hugawanywa kwa muda.

Hata hivyo, sauti huonyesha umbo la matabaka, si lazima kilichomo. Katika bonde la Lamu, baharini, kisima cha Pomboo kilionekana kikavu mwaka 2007. Kile cha Mbawa kilitoa gesi mwaka 2012, lakini si ya kutosha kwa biashara. Basi mvuvi akiambiwa kwamba bahari yake imepimwa kwa sauti, na aulize: je, udongo wake nao umechotwa?