Anayeanza Si Lazima Awe Anayemaliza: Somo Kutoka Picha ya Black Panther



 Leo tunaanza na muvi, ila msiogope, Biblia tutaifikia.

Wengi wetu hapa Nyarero tuliiona Black Panther kwenye kibanda umiza, ile iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Tulitoka pale tumekunja mikono kifuani kama watu wa Wakanda. Juzi nikasoma jinsi picha hiyo ilivyotengenezwa, nikakuta jambo lililonichoma.

Mfalme T'Challa alianza kwenye vitabu vya katuni mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka 1992 mwigizaji Wesley Snipes alitangaza kwamba anataka kumpeleka kwenye sinema, yeye mwenyewe akiwa staringi. Alihangaika sana miaka ile. Akazungumza na waandishi na waongozaji, lakini ufundi wa kompyuta ulikuwa bado mdogo, na wengine walidhani ni picha ya chama cha siasa cha Wamarekani Weusi chenye jina hilohilo. Mpango ukalala. Marvel wakautaja tena mwaka 2005, mwaka 2011 wakampa mwandishi kazi ya kuandika hadithi, kisha kimya. Oktoba 2014 ndipo walipotangaza rasmi, na staringi akawa Chadwick Boseman. Mwaka 2016 Ryan Coogler akathibitishwa kuwa mwongozaji, mwaka 2017 ikapigwa, na Februari 2018 ikatoka. Tangu 1992, piga hesabu: miaka 26!

Majirani zetu wa Kisumu, huko ukivuka mpaka Sirari na kupita Migori, waliiona siku chache kabla haijatoka Marekani. Sababu ni Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ambaye baba yake alikuwa gavana wao.

Sasa niambie, Snipes yuko wapi kwenye picha ile? Hayumo. Lakini mwaka 1998 alicheza Blade, nayo imetoka kwenye katuni za Marvel, ikapendwa. Ilionyesha kwamba shujaa mweusi wa katuni anaweza kujaza ukumbi. Alisaidia kufungua mlango ambao T'Challa aliupitia baadaye, akiwa na sura ya mtu mwingine.

Hapo ndipo niliposhtuka, maana nilijiona mwenyewe.

Tangu Kidato cha Pili nina daftari la katuni. Shujaa wangu ni binti mchunga ng'ombe anayezuia koo mbili zisipigane kwa sababu ya wizi wa mifugo. Mwaka juzi niliwaambia vijana wenzangu kigangoni tuigeuze iwe filamu fupi, tupige kwa simu, tuionyeshe siku ya vijana. Wakakubali kwa shangwe. Kisha kikundi kikamchagua mwenzangu mwingine awe mwongozaji. Kusema kweli alinizidi, maana alikuwa ameshawahi kurekodi video za kwaya. Mimi nikanuna. Nikachukua daftari langu nikarudi nyumbani, na filamu ikafia hapo. Yule binti aliyepangwa kuwa shujaa, kila Jumapili baada ya Misa aliniuliza, "Kaka, tunaendelea lini?" Nikaanza kupitia mlango wa nyuma ili nisikutane naye.

Nilijidanganya kwamba natetea kazi yangu. Kumbe nilitaka shamba liwe langu, mbegu ziwe zangu, na mavuno yawe yangu.

Ndugu zangu, Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayepanda na anayevuna wanaweza kuwa watu wawili, na furaha ikawa yao wote (Yoh 4:36-38). Musa aliongoza watu miaka 40, akaiona nchi ya ahadi kutoka mlimani, na Yoshua ndiye akawavusha (Kum 34). Yohane Mbatizaji aliambiwa kwamba watu wote wanamwendea Yesu, naye akafurahi (Yoh 3:26-30). Mungu hakuwaonea. Kazi ilikuwa yake Mungu, wao walipewa sehemu.

Tazama na huyo Boseman. Mwaka 2016 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Watazamaji hawakujua. Aliicheza Black Panther akiwa mgonjwa, akafariki Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43. Picha ya pili ilitoka mwaka 2022 bila yeye. Kwa hiyo hata yule aliyepata nafasi aliyoitamani Snipes, naye alipewa kipande tu cha njia.

Na hapa kwetu Mara tuna mfano wa karibu zaidi. Mchakato wa kumwombea Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama atangazwe mwenye heri ulianza jimboni kwetu Musoma mwaka 2005. Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wako wazee waliotoa ushahidi wao ambao huenda wasiione siku hiyo. Walisema walichokijua, wakaacha mengine kwa Mungu na kwa Kanisa.

Baada ya kuyatafakari haya nilikwenda kwa mlezi wetu wa vijana. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akaniambia, "Mwanangu, daftari likikaa sandukuni huliwa na mchwa. Mpelekee mwenzako." Jumapili iliyopita nilipita mlango wa mbele. Nilimpa mwongozaji daftari, nikamwomba msamaha. Yule binti nikamwambia, "Tunaanza Jumamosi." Kazi yangu sasa ni kushika mwamvuli ili jua lisiharibu picha. Sijui kama itaisha mwaka huu.

Kwa tafakari ya wiki hii:

1. Ni kazi gani njema uliiacha kwa sababu hukupewa nafasi ya mbele?
2. Nani alikupandia mbegu ambayo wewe unaivuna leo? Umeshamshukuru?
3. Ni nani unamkwepa? Utamwendea lini?

Tusali: Ee Bwana, nipe moyo wa kuanza ninachoweza kuanza, na unyenyekevu wa kumwachia mwenzangu amalizie. Kazi ni yako, na utukufu ni wako. Amina.

Tukutane wiki ijayo. Mama Maria atuombee.